Viatu vya Shule Barazani

Sijui kama mimi ndiye wa kuandika habari hii, maana shule yangu iliishia darasa la saba. Lakini nilikuwepo, na nitaandika nilichokiona bila kumpunja mtu.

Nyumba ilikuwa ya mama, pale Kanyenye. Upande wa mbele shemeji yangu, mume wa dada, aliugeuza gesti. Mama alikaa vyumba vya uani. Baadaye shemeji akafungwa kwa kuwaingiza humo wasichana wa shule na kuwauza kwa wanaume. Tukadhani yameisha. Kumbe serikali ilirudi mahakamani, safari hii ikitaka nyumba yenyewe itaifishwe kwa kuwa ndimo uovu ulimofanyika. Tukaambiwa mama ataiokoa tu akionyesha kwamba hakujua.

Wakili wetu alifurahi aliposikia mila yetu. Kwetu Wanyamwezi mama mkwe haingii anakolala mkwewe wa kiume. Hata salamu yake huipokea akitazama pembeni. Na shemeji alilala huko huko mbele. Ni kweli tupu, mama hakuwahi kuvuka mlango ule. Nilisimama kizimbani nikasema hivyo, na niliposhuka nilijiona nimesema vizuri, jambo ambalo kwangu ni nadra.

Ikafika zamu ya mama. Wakili wa serikali, kijana mpole, simlaumu, alimwamkia kwanza, halafu akamwuliza kama kweli hakujua lolote. Kwenye benchi la nyuma alikaa mama wa mmoja wa wale wasichana. Mama alimtazama yule mwenzake kitambo.

“Vyumbani sikuingia, mwanangu,” akasema. “Ila viatu vya shule niliviona barazani, mchana, siku nyingi. Nilikuwa navisogeza nikifagia. Mila ilinikataza kuingia. Kuuliza haikunikataza.”

Wakili wetu akainamisha kichwa. Nyumba ikaenda.

Majirani wakasema bibi kagawa nyumba kwa mdomo wake. Dada hasemi naye mpaka leo, na dada naye ana lake: amebaki na watoto, hana mume wala paa. Nimejaribu kumwona jaji kuwa mkosaji, nimeshindwa. Kila nikiufikiria mlango ule nawaona wale wasichana wakivua viatu.

Sasa mama yuko kwangu Goweko, tunachambua tumbaku pamoja. Mtoto akipita njiani saa za masomo, mama humwita amwulize anatoka wapi, anakwenda kwa nani, na huko nani anamjua. Wamembandika jina, Bibi Polisi. Juzi binti yangu alikuja amenuna, anachekwa na wenzake, akaniomba nimwambie bibi aache.

“Ukichelewa kurudi atakuuliza na wewe,” nilimjibu. “Mjibu.”

Mengi katika maisha yangu nina mashaka nayo. Hili sina.