Mfungieni Siku Tatu

Mpaka leo nikimsikia mzee wa kanisa akisema "tumwombee," nainuka natoka nje. Sala siichukii. Nawachukia watu wanaoigeuza maji ya kunawia mikono, na mimi nimo.

Dada yangu alianza kuugua akili mwaka tulipohamishiwa kijiji kipya, wakati wa Operesheni Vijiji. Nyumba za zamani zilibomolewa, tukapangwa kwa mistari kando ya barabara ya Mugumu. Kaburi la mtoto wake lilibaki kule kwenye mahame, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Mume alikuwa ameshamrudisha kwetu. Kila asubuhi dada alijaza uji kwenye kibuyu, akaondoka kumpelekea mtoto. Kila asubuhi mtu alitumwa kumrudisha, na mara nyingi mtu huyo nilikuwa mimi. Njiani alinisimulia habari za mtoto: anakohoa, anaona baridi. Mimi nilimvuta mkono na kumwambia anyamaze.

Mchungaji wetu aliishi Mugumu na alitufikia mara moja kwa mwezi. Nikiwa karani wa kanisa, nilimwandikia habari za dada. Jibu lililetwa na dereva wa lori la pamba, nami nikalisoma mbele ya watu baada ya ibada: "Dada huyo mfungieni siku tatu, wazee wote, kwa moyo mmoja. Siku ya tatu nitafika."

Kwa Kikurya kusingetokea kosa. Kumfunga ng'ombe ni neno lake, na kushinda njaa kwa ajili ya mtu ni neno lingine. Kiswahili kimeyapika yote katika chungu kimoja.

"Basi afungiwe," akasema mzee mmoja.

"Ghala la pamba lina kufuli," akasema mwenzake. "Mura, soma tena hapo."

Nikasoma tena, na safari hii nikaelewa kabisa kwamba wa kukaa na njaa tulikuwa sisi. Wao nao siamini kwamba hawakuelewa. Kila mwaka tulitangaziwa kufunga na kuomba, na neno lilikuwa hilohilo. Lakini wiki ile kulikuwa na harusi, ng'ombe wawili walishachinjwa, na nyama ikiwa jikoni tumbo halina dini. Na mimi nilikuwa nimechoka kutembea. Nikaikunja barua nikaitia mfukoni.

Walimwambia dada kwamba kuna nguo za mtoto ghalani. Akaingia mwenyewe, anatabasamu.

Ghala lile lilikuwa la bati, na lilinuka dawa ya kunyunyizia pamba hata ukiwa nje. Wazee walipokezana kuomba mlangoni wakitokea harusini, midomo inang'aa mafuta. Mmoja alicheua katikati ya jina la Yesu, akaendelea kama vile hakuna kitu. Chakula walimpitishia juu ya mlango. Debe la haja hakuna aliyelitoa. Siku ya kwanza dada alipiga kelele kwamba uji wa mtoto unachacha. Siku ya pili alinyamaza, nao wakasema Mungu ameanza kujibu. Nilisimama pale nikaitika amina. Hiyo amina ndiyo inayonitia kinyaa kuliko debe.

Siku ya tatu mchungaji alishuka kutoka barabarani kwa miguu, midomo imemkauka, anayumba kidogo. Tukamwamkia.

"Marahaba. Mmefunga?"

"Tumefunga, Mchungaji. Kufuli la kijiji."

Alicheka, akidhani ni utani. "Mimi pia nimefunga. Sijatia kitu kinywani tangu juzi."

Wazee waliangalia chini, wote kwa pamoja. Hakuna aliyeuliza mchungaji ana maana gani. Yeye ndiye aliyechelewa kuelewa, na alipoelewa hakupaza sauti, aliomba ufunguo tu.

Mlango ulipofunguka, wenye kunuka nyama ya siku tatu wakaziba pua. "Tulitii barua," akasema mzee wa kwanza, kiganja kikiwa puani. Mchungaji alilibeba debe mwenyewe mpaka porini, nzi wakimfuata, akarudi akaomba maji na sabuni. Akamnawisha dada mikono na uso, taratibu, kisha akachuchumaa mbele yake.

"Mama, unataka nini?"

Mwaka mzima tulikuwa tumemkemea, tumemvuta, tumemwombea. Swali hilo halikuwahi kumtoka yeyote kati yetu.

"Uji," akasema dada. "Mtoto hajala siku tatu."

"Basi tumpelekee. Tukirudi, mimi na wewe tutakwenda hospitali Mugumu, tuongee na daktari."

Nyuma yangu mzee alinong'ona kwamba sasa wagonjwa ni wawili. Mama yetu alileta uji. Mchungaji akasema njia ya kule haijui, nikaruka haraka kujibu kwamba naijua mimi, nitawapeleka.

Dada aliniangalia kwa macho mazima kabisa, macho ambayo sikuwa nimeyaona tangu tuhame.

"Nilikuwa nje ya dirisha la kanisa aliposoma," akamwambia mchungaji. "Alisoma mara mbili. Huyu Kiswahili anakijua. Asije."

Wakaondoka wao wawili na kibuyu. Mimi nikabaki na wazee.