Siku Niliyowaliza Wakwe kwa Ajili ya Treni

Jamani, sasa nacheka, lakini siku ile ya 2015 nilitamani ardhi inimeze, na aliyeniponza ni mdomo wangu mwenyewe. Tulikuwa tunamposa Neema awe mke wangu, nyumbani kwa mjomba wangu mtaa wa Riverside, hapa Buffalo, Marekani, na baba yake alikuwa amekuja na wazee wake kutoka Louisville. Kwetu Wakongo kila mgeni anatoa neno, kwa hiyo jirani yetu, mzee mmoja wa Uskoti, naye akaombwa asimame, na mimi (niliyekuwa nimejisifu kwa baba mkwe kwamba Kiingereza nimekimaliza) nikajitolea kutafsiri.

Mzee akaongea kwa lafudhi ya kwao, nikaambulia stesheni, kijiji na baba yake, basi. Akatoa picha ya zamani: treni imesimama stesheni, watu wamevaa makoti meusi, mbele ya injini limefungwa shada la maua, na macho yake yakalowa. Ningesema tu sijaelewa. Nikasema, "Hii treni iliua watu wa kijiji yao, na papa yake alikuwa ndani."

Akina mama wakaanza wimbo wa maziko. Baba mkwe akavua kofia, akamkumbatia mzee, na habari ya ng'ombe wa mahari ikawekwa kando. "Bon, mutu akiwa na kilio, hatuwezi kuzungumuza ndoa," alisema. Mzee akaniuliza wanaimba nini, nami kwa woga nikamjibu wanamkaribisha, akafurahi, akaanza kupiga makofi na kucheza (kwenye msiba wa baba yake), akina mama wakaukatiza wimbo.

Neema, aliyesoma shule hapahapa, akasimama kutueleza. Baba wa yule mzee alikuwa mkuu wa stesheni, akafa kwa uzee. Stesheni ilifungwa kwa kukosa abiria, na siku ya treni ya mwisho kijiji kizima kilivaa nguo nzuri, kikaifunga maua kuiaga.

Baba mkwe akakaa. "Donc, kumbe tulilia treni," alisema polepole, kisha akamgeukia binti yake. "Na ile neno huyu kijana alituambia, ya kama unamupenda, ni weye ulisema ao ni yeye alitafsiri?"

Neema alinitazama kwanza, kisha akamjibu baba yake.

"Ni miye nilisema, papa. Lakini ilikuwa mbele, kabla ya leo."

Wakarudi Louisville bila kuzungumzia ng'ombe hata mmoja, nikasubiri mwaka mzima kuitwa tena tumalize habari ya mahari. Siku hizi nisipoelewa nasema sijaelewa, hata mbele ya kanisa zima, na msiniombe kutafsiri harusini wala msibani.