Sahani Moja na Nestori

Ningali nakumbuka mchana mmoja wa vita, mwanangu, nilipokaa na njaa mbele ya sahani ya maharage nikashindwa kula.

Nilikuwa mwaka wa kwanza chuo kikuu hapa Bujumbura. Nilipanga chumba mtaa wa Gihosha pamoja na Nestori, kijana tuliyesoma naye. Yeye alikuwa wa kabila moja, mimi wa jingine. Sitakuambia nani alikuwa nani. Ukijua haitakusaidia kitu. Tulipopanga hatukuulizana. Kisha watu wakaanza kuuana mitaani, na jamaa zangu wakaninong'oneza: "We, unakula mikononi mwa yule? Atakutilia sumu."

Nikawa nashindia ndizi nilizojinunulia. Mitihani ilikaribia na maandishi yalinichezea machoni. Mwishowe nilifunga begi nirudi kwetu, ingawa njiani watu walikuwa wanaviziwa.

Nestori alilikuta begi mlangoni. Alipakua maharage sahani moja, akakaa karibu yangu, nami sikuyagusa. Unajua kwetu mwenye kukaribisha pombe huionja kwanza, ili mgeni anywe kwa amani. Lakini hiyo ni heshima ya wageni. Nani huifanya kwa maharage ya kila siku, kwa mtu anayelala naye chumba kimoja? Nestori aliifanya. Alichota upande wangu, akala, akameza, akanitazama.

"Mi sijakufa," alisema. "Ila ukichelewa nitamaliza yote, na hapo ndiyo we utakufa kweli."

Nilicheka, machozi yakanitoka, nikala.

"Na ile begi?"

"Nilikuwa naipanguza vumbi."

"Apana, we muongo. Rudisha nguo, unifundishe hesabu."

Tangu hapo alionja kwanza kila tulipokula, hata nilipomwomba aache. Mitihani nikaifanya, nikapita. Chuo sikukimaliza, baba alifariki, nikaenda kuuza dukani. Lakini mwaka ule niliupata, na uhai pia, kwa sababu sikushika ile njia.

Nestori alikufa kabla vita havijaisha. Siku ya kumaliza matanga nilimsimulia mama yake haya. Akanishika mkono.

"Kumbe ni we! Aliniambia ana ndugu yake huku muji, mutu wa kula maharage sana."

Hakuniuliza mimi ni wa kabila gani.

Mwanangu, sasa unaingia chuo, utalala chumba kimoja na mtu usiyemchagua. Watu watakuletea habari zake kabla hamjasalimiana vizuri. Sikiliza, kisha mwangalie mwenyewe, uone anavyokutendea. Akikufanyia wema, upokee, na umshukuru wakati bado anasikia. Mimi nilimshukuru Nestori mpaka akachoka, akaniambia ninyamaze nile. Ndiyo maana leo ninapomlilia, ninalia kwa amani.

Nenda, Mungu akulinde njiani. Akupe mwenzako mwema, na yule atakayelala chumba kimoja nawe aseme kwao kwamba huku mjini amepata ndugu.