Mpelelezi Niliyemfanya Muuaji

Katika kambi ya wakimbizi, kabla hatujaletwa katika mji huu wa ugenini, Garland, nilikuwa mtafsiri wa banda la video. Nilishika kipaza sauti nikawaeleza watu filamu za Kichina ambazo hata mimi sikuzielewa. Mke wangu alinipendea sauti hiyo. Hapa ninapanga maboksi ghalani, na hakuna anayeihitaji ila yeye, Jumapili baada ya misa, ninapomtafsiria maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya filamu.

Ndipo akaipenda ile tamthilia ya Wajerumani. Mwoka mikate ameuawa, na mpelelezi anamsaka muuaji vipindi vinane. Mpelelezi huyo ni mrefu, mpole, hapandishi sauti.

"Angalia vile anasikiliza watu," mke wangu alisema kila Jumapili.

Mimi namsikiliza mwaka wa kumi na tisa sasa, hajawahi kunisifu hivyo. Niliona wivu, tena wivu wa kijinga, wa kumwonea mtu wa kwenye televisheni. Na kila neno tamu la yule bwana lilipitia mdomoni mwangu!

Kipindi cha mwisho nikamkomoa. Daktari wa mji alikuwa ameshafungwa pingu, na mpelelezi alikuwa akilia jikoni kwa mjane wa mwoka mikate. Nikatafsiri: "Mama, daktari nimemsingizia. Mumeo nilimuua mimi."

Mke wangu akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Njia ya muongo ni fupi, papa. Nilishaangalia yote ku kazi, saa ya kula. Nilisoma mwenyewe."

Alisoma kwenye simu, hotelini anakofanya usafi. Kiingereza alikipata kwenye masomo ya parokiani, na mimi ndiye niliyekuwa nampeleka kwa gari.

"Sasa mbona umeniacha niseme?"

"Nilitaka kuona utamufanya nini yule bwana."

Ningecheka na mimi, lakini wivu ulizidi. Walikuwa wamekutana bila mimi, yeye na mpelelezi wake.

"Unasoma tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

Miezi yote hiyo alikaa kando yangu akiitikia kwa kichwa, kumbe anajua. Akairudisha filamu nyuma mpaka jikoni kwa mjane.

"Tafsiri tena. Lakini sasa sema ya kweli."

Nikasoma polepole: "Mama, nisamehe. Nimechelewa kukuletea jibu."

Nikamtazama. Midomo yake ilikuwa ikisogea bila sauti, na ilikuwa imeshafika mstari wa pili wa maandishi, kabla yangu.