Nilivyolifuata Jina Langu Hadi Mwitongo

Sikutoka nyumbani kwa kupenda kutembea. Mimi ni mtu wa duka. Nauza sare za shule Nyakato, hapa hapa Musoma, na jioni nikifunga narudi Makoko kwa mama yangu, basi. Safari hii niliifunga kwa sababu benki ilinikatalia mkopo wa nyumba, na sababu waliyonipa ilikuwa habari za mwanamke nisiyemjua mwenye jina langu, namba yangu ya kitambulisho na tarehe yangu ya kuzaliwa.

Nyumba yenyewe ni hii hii tunayopanga. Mwenye nyumba ni mjane anayehamia Mwanza kwa wanawe, na alitupa sisi nafasi ya kwanza ya kununua, mradi tusivuke mwisho wa mwezi. Siyo nyumba ya kujivunia. Bati linavuja upande wa jikoni na choo kina mlango usiofunga. Lakini mama yangu haoni tena, na nyumba hii ameishika yote kwa mikono. Anaujua mlango wa chumba chake kwa ufa ulioko ukutani, na anatoka hadi barazani kusikiliza ziwa bila kuongozwa na mtu. Tukimhamishia kwingine atakuwa mtu wa kukaa kitandani. Mimi nilikuwa nalijua hilo na yeye alikuwa analijua, ila hatukuwahi kulizungumza.

Pale benki, kijana wa mikopo aligeuza kompyuta yake kidogo, akairudisha.

"Mama, system inakukataa. Una mkopo Bunda, hukumaliza. Wamekuripoti."

"Sijawahi kukopa Bunda hata shilingi."

"Wengi wanasemaga hivyo, mama." Hakulisema kwa ubaya.

Nikamwambia kama ni hivyo nitalipa, yaishe. Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba nikilipa nitakuwa nimekubali ni mimi, na nitabaki nimeandikwa mdaiwa sugu aliyelipa kwa kuchelewa, na mkopo wa nyumba hautapita kwa mtu wa namna hiyo. Kama siyo mimi, wale walionikopesha ndio waandike kwamba siyo mimi. Nilitoka pale, nikapita sokoni bila kununua mboga niliyokuwa nimeifuata.

Kesho yake asubuhi nilipanda basi dogo pale Bweri. Mama nilimwambia nafuata mzigo wa vitambaa. Mvua ilikuwa imekataa msimu ule, na kando ya barabara mtama ulikuwa umesimama mfupi, majani yamejikunja. Ng'ombe walikuwa wakivuka barabara kwa zamu yao, mbavu nje, na dereva hakupiga hata honi. Abiria mwenzangu alitaka kuzungumza habari za kanisani kwao. Nilimwitikia tu, maana kichwani nilikuwa namtafuta huyo mwizi: wakala wa simu, mfanyakazi wa duka la kutoa kopi, mteja wa dukani. Niliwahukumu watu wengi wasio na kosa kabla ya kufika Bunda.

Bunda, ofisi ya wale wakopeshaji ilikuwa juu ya duka la mbegu na dawa za pamba. Karani alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo sikulitegemea. Akasema mkopo ule ulikuwa wa kikundi cha akina mama, na wanaomjua mkopaji kwa sura ni wenzake wa kikundi. Akanielekeza kwa mwenyekiti wao, Mama Kulwa, anayekaa nyuma ya soko.

Nilimkuta ameketi juu ya gunia, anashona kiraka kwenye suruali kwa sindano ya mkono. Nikamsalimia, nikamtajia jina langu. Nyangeta. Sindano ikasimama.

"Rudia tena, dada."

Nikarudia.

"Hilo jina limenimaliza mimi," alisema. "Kikundi ni hivyo, mmoja akishindwa wote tunabeba. Kwangu walichukua cherehani. Ndo maana unaniona na sindano."

Nikamweleza shida yangu. Akanitazama toka kichwani hadi miguuni, akarudi usoni.

"Siyo wewe. Yule alikuwaga mwembamba, mweusi, ana mwanya. Tena akianza kucheka anashika magoti, mpaka unaogopa ataanguka."

Nikakaa chini hapo hapo kwenye vumbi. Mtu anayeshika magoti akicheka nilikuwa namjua tangu hatujaota meno ya ukubwani.

Alikuwa binti wa shangazi yangu, dada ya baba, kule Mwitongo, Butiama. Naye aliitwa Nyangeta. Wote wawili tulipewa jina la bibi yetu, mama yake shangazi, na tangu utoto tuliitana wajina. Baba yake alitoka ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya, kwa hiyo kila alipoomba kitambulisho cha taifa maombi yalirudi na maswali: huyu ni raia wa wapi. Mwaka ule laini za simu zilipotakiwa kusajiliwa kwa alama ya kidole, nilimsajilia laini kwa kidole changu, nikampa na kopi ya kitambulisho changu ili wakala akimuuliza awe na cha kuonyesha. Huku kwetu karibu kila nyumba ilikuwa na mtu iliyemfanyia hivyo. Wajina akaenda Bunda msimu wa pamba kuwapikia wafanyakazi wa kiwanda cha kuchambulia, na kumbe kopi ile alienda nayo. Kikundi walimwita Nyangeta, akaitika, na wala hakuwa amedanganya.

"Unamjua?" Mama Kulwa aliniuliza.

"Ni ndugu yangu."

"Yuko wapi?"

"Alikufa masika ya mwaka jana. Tumbo."

Mama Kulwa alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Kumbe nimekuwa namlaani maiti," alisema. Halafu akaongeza, "Alikuwaga anatuchekesha mpaka tunasahau siku ya marejesho."

Alikunja suruali ile, akanifuata hadi ofisini, akasema mbele ya karani kwamba siyo mimi. Sikuwa na cha kumlipa. Karani akasema hiyo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni mzazi wa marehemu, aende kwa mtendaji wa kata yake aseme kwa mdomo wake kwamba aliyekopa ni mwanawe, kwamba alitumia jina lisilo lake, na kwamba amefariki. Nilishuka zile ngazi nikiwa na hasira na mtu ambaye siwezi kumpigia simu. Ndiyo hasira mbaya kuliko zote, haina pa kwenda.

Mchana niliteremka Kiabakari, nikachukua bodaboda kuelekea Butiama. Nilikuwa nimebeba sukari na furu wa kukaushwa, samaki anaowapenda shangazi. Upepo uliokuwa unavuma ulikuwa wa vumbi. Nilimwambia dereva aende taratibu, naye akadhani naogopa mwendo.

Mwitongo, shangazi alinipokea kama anavyonipokea siku zote. Kwetu mtu halitamki hovyo jina la mzazi wake, kwa hiyo sisi tuliobeba jina la bibi alituita "mama" tangu tukiwa wa kubebwa. Safari hii kulikuwa na "mama" mwingine pia. Mke wa mwanawe alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na wakampa jina la wajina, ili lisipotee.

"Mama, mpokee mama," alisema shangazi, akaniwekea kitoto mapajani. Alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu msiba.

Tulikula ugali wa udaga wa muhogo na wale furu. Nilisubiri vyombo vitolewe, ndipo nikamweleza yote, sikuficha wala cherehani. Alisikiliza huku akimtikisa mtoto.

"Nitauza ng'ombe," alisema. "Tulipe, yaishe."

"Kulipa hakusaidii, shangazi. Nikilipa ni kama nimekopa mimi."

"Sasa wanataka niseme nini?"

"Useme alichukua jina langu bila mimi kujua."

"Jina lenu."

"Ndiyo, shangazi. Letu."

Akaacha kumtikisa mtoto. Nilijua anachokifikiria kwa sababu nami nilikifikiria njia nzima. Katika ukoo wetu mtoto hupewa jina la marehemu aliyeondoka bila doa. Marehemu akishatajwa kwa wizi mbele ya watu, wazee wanalitoa jina kwa mtoto, anatafutiwa lingine, na la kwanza halirudi tena kwenye nyumba hiyo. Nilikuwa nimekuja kumwomba mzazi amzike mwanawe mara ya pili, na nilijiona mchafu kuliko aliyekopa.

"Mama yako macho yake vipi?" aliniuliza.

"Haoni kabisa."

"Na hiyo nyumba anaionaje?"

"Kwa mikono, shangazi."

Alimkabidhi mtoto kwa mama yake, akaingia ndani.

Asubuhi nilimkuta amekwishavaa kitenge kisafi na viatu vya kanisani. Chai hakuigusa. Tulitembea hadi ofisi ya kata. Nje kwenye benchi walikaa wazee wawili wa ukoo wetu waliokuja kwa kesi ya mpaka wa shamba, na mlango wa ofisi haukuwa na pazia. Mtendaji, mwanamke mdogo mwenye heshima, alimwomba shangazi akae. Shangazi alikataa kiti.

"Mwanangu Nyangeta," alisema, na jina lile lilimtoka kwa shida, maana sikuwahi kulisikia kinywani mwake, "alikopa Bunda kwa jina la huyu. Huyu hakujua. Mwanangu amekufa."

Mtendaji aliandika, akagonga muhuri. Wale wazee walikuwa wameacha kuzungumza. Shangazi alipotoka aliwasalimia kwa adabu zote, wakaitikia wakiangalia chini. Nilitaka kumsindikiza nyumbani akasema hapana, niwahi gari. Nilimwangalia akienda peke yake, viatu vile vinambana, hadi njia ilipokata.

Bunda nilifika mchana, nikakabidhi karatasi. Karani aliisoma, akasema itarekebishwa, itachukua muda. Kuhusu cherehani ya Mama Kulwa alisema hilo halipo kwake. Nilipita nyuma ya soko kumuaga, nikakuta gunia alilokuwa akikalia liko pale, yeye hayupo.

Musoma niliingia jua likiwa bado juu. Mwenye nyumba alinuna, lakini akakubali kutungoja. Tuliuvuka mwisho wa mwezi, tukauingia mwingine, na kila siku nilipita benki kabla ya kufungua duka mpaka yule kijana akawa ananiona tu anatikisa kichwa. Siku moja hakutikisa. Jina langu lilikuwa safi na mkopo ukapita. Nilipomwambia mama, aliinuka akaenda kuushika ule ufa ukutani.

Watu wananiuliza nimejifunza nini. Nawaambia wasimpe mtu kidole chao, hata ndugu, na nawaambia kulipa deni la mtu aliyejifanya wewe siyo njia ya kujisafisha. Ni kweli yote mawili, na hayo ndiyo yanayowafaa. La kwangu siwaambii, maana bado linaniuma.

Wiki ile ile shangazi alipiga simu kwa simu ya jirani.

"Nyumba umeipata?"

"Nimeipata, shangazi. Asante."

"Haya. Huku mtoto tumemwita Bhoke."

Nikauliza kama mvua imenyesha. Akasema imenyesha kidogo, na kwamba simu ni ya watu, airudishe.

"Haya, Nyangeta," akaniaga. "Msalimie mama yako."