Jumuiya Mbili za Mama

Parokia yetu kule Tabata ilipoanzisha jumuiya ndogondogo, hakuna aliyefurahi kama mama yangu. Alikuwa amepooza upande mmoja, kanisani hafiki tena, na sasa Padre alikuwa ametangaza kwamba kanisa ndilo litakalowafuata watu majumbani. Nilipomletea habari hiyo kutoka misani, aliniambia nikaangue mikeka iliyokuwa juu ya kabati, ianikwe juani.

Utaratibu wenyewe ulikuwa mzuri, hilo silikatai. Majirani Wakatoliki walikutana kila Alhamisi alasiri kwa zamu, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Inasomwa Injili, wanakaa kimya kidogo, kila mtu anasema neno lililomgusa, kisha wanapangana nani akamwone mgonjwa na nani akafagie kanisa. Mgonjwa akitaka Komunyo, mwenyekiti wa jumuiya ndiye anayemleta Padre. Mama akaanza kungoja zamu yake. Kila Alhamisi alitaka avalishwe kitenge chake cha kanisani mapema, wasije wakamkuta na kanga ya kulalia.

Balaa lilikuwa kwenye mipaka. Miaka ile mambo yote yalikwenda kwa nyumba kumi kumi za chama. Sukari ikija, unaipata kwa balozi, yaani kiongozi wa nyumba hizo kumi. Mume na mke wakipigana, wanapelekwa kwa balozi. Wakubwa wa parokia wakaona ya nini kusumbuka kugawa mtaa upya, jumuiya zifuate mabalozi tu. Wakapitisha hivyo, wakapiga makofi, wakaenda kunywa chai. Haukupita muda chama kikapanga upya nyumba zake, na sie tukatolewa kwa balozi wa juu, tukahamishiwa kwa yule wa bondeni.

Mwenyekiti wa jumuiya ya juu, fundi cherehani mmoja mpole, nilipomwomba zamu ya mama na Komunyo akanieleza kwamba kwa kuwa balozi wetu ni wa bondeni, basi na sie ni wa bondeni. Nikateremka kwa mwenyekiti wa bondeni, mwalimu wa shule ya msingi, mama mwenye msimamo wake. Yeye akasema dini haiendeshwi na siasa, tulianzia juu na tutabaki juu, tena hataki fundi aje kusema ameibiwa waumini. Nikapanda tena kwa fundi. Nilipigwa danadana hivyo mpaka soli za viatu zikaanza kucheka. Na kilichonichoma zaidi ni kwamba siku ya kufyeka nyasi za kanisa, wote wawili walinitumia ujumbe. Nilifyeka kwa jumuiya ya juu asubuhi na kwa ya bondeni jioni, nikijua kabisa ninavyochezewa.

Mwishowe nikaenda kwa Padre mwenyewe. Alinisikiliza vizuri, akanikaribisha na maji ya kunywa, kisha akaniambia nirudi kwa mwenyekiti wangu. Akimfuata kila anayebisha hodi, alisema, jumuiya zitakufa kabla hazijasimama. Nikamuuliza mwenyekiti wangu ni yupi. Akasema hilo litazungumzwa kwenye kikao. Nilitoka pale na hasira, maana mie nilikuwa naomba Komunyo kwa ajili ya mgonjwa, na nilijibiwa kama mtu anayeomba kiwanja.

Wiki zikaenda. Alhamisi tulisikia nyimbo zao, mara kutoka juu, mara kutoka bondeni, na mama akawa anaimba nao kitandani kwa mdomo wake uliopinda. Siku moja alikatisha wimbo katikati.

"Mwanangu," aliniuliza, "wale watu niliwakosea nini?"

Nilimwambia hajamkosea mtu, ni mambo ya mipaka. Hakunielewa, wala simlaumu, maana hata mie nilikuwa sielewi.

Akafa siku ya Jumatano kabla kikao hakijakaa. Kesho yake ikawa Alhamisi, na jumuiya zote mbili zikafika, watu wote, wamevaa vizuri. Ya juu ilileta kuni na ya bondeni ikaleta maji. Padre naye akaja, bila kuletwa na mwenyekiti yeyote. Nikamkuta fundi na mwalimu wamesimama kando ya choo, wanabishana kwa sauti ya chini. Kila mmoja alikuwa anadai marehemu ni wa jumuiya yake, kwa hiyo yeye ndiye wa kuongoza Rozari.

Niliwaamkia shikamoo zao kwanza. Kisha nikawaambia, "Gawaneni tu, wazee wangu. Mwenyewe alikuwa anataka jumuiya moja, tena akiwa hai."

Mwalimu aliinamisha kichwa. Fundi akaingia ndani, akapiga ishara ya msalaba na kuanza Rozari, na watu wa juu na wa bondeni wakaitikia kwa pamoja, vizuri kabisa, mle chumbani mwa mama.