Kumwombea Rubani Kaburi Idodi

Baba mdogo Galus alikuwa rubani wa jeshi. Ndege yake iliangushwa katika vita vya Kagera kabla hajaoa, na mwili haukurudi. Hadi leo hana hata msalaba, kwa sababu nyumbani tuliamini bibi, mama yake, bado anamngoja. Mwaka huu baba, ambaye ni kaka yake, alinituma Idodi kwa bibi nikaombe ruhusa ya kumjengea kaburi kabla bibi hajatutoka. Mwenyewe alisingizia magoti. Nilijua ni woga.

"Usimwite marehemu mbele ya mama," alinionya.

Basi liliondoka Iyunga, Mbeya, alfajiri. Tulipofika Igawa jua lilikuwa kali, na wafugaji wa Kisukuma walikuwa wakivusha ng'ombe barabarani bila haraka yoyote. Makambako nilivaa sweta kwa baridi. Kuanzia Mafinga nilijaribu kupanga maneno ya kumwambia bibi, na kila sentensi ilitaka lile neno nililokatazwa.

Nililala Iringa mjini, asubuhi nikapanda gari la Idodi. Vumbi la barabara ya kwenda mbugani halina adabu. Nilishuka mwekundu kuanzia nywele hadi viatu.

"Kamwene, bibi."

"Kamwene, mume wangu. Huko Mbeya hamuogi?"

Nilicheka, nikampa mchele niliomletea. Tulipokuwa tunakula, ndege ndogo ya watalii ikapita kuelekea Ruaha. Bibi akainua macho. Mimi nikaacha kutafuna.

"Mbona umeshtuka? Unadhani namtazamia Galus?"

Maneno yangu yote yakanikimbia. Nikasema tu, "Baba anaomba tumjengee kaburi."

Bibi akafungua kilemba. Nywele nyeupe zikamwagika mabegani. Kwetu, mkubwa wa ukoo ndiye huja kumnyoa mfiwa, na hapo ndipo matanga huisha.

"Galus alikufa. Nilijua siku ileile walipokuja wale wanajeshi na taarifa," alisema. "Lakini mfiwa hajinyoi mwenyewe. Babu yenu alishatangulia, nikasema basi, kaka mtu atakuja na wembe. Nyie mkija mnaongea habari za mahindi tu."

Aibu ilinishika. Nikamwomba nimnyoe mimi.

"Wewe ni mjukuu, wewe ni wa utani. Mwambie mwanangu aje."

Njia ya kurudi niliiona ndefu kuliko ya kwenda. Tulidhani tunamstahi, kumbe tumemwachia msiba aubebe peke yake. Wahenga walisema kifo cha wengi ni harusi; cha mtu mmoja sijui wangekiitaje. Nilijifunza kwamba mfiwa haogopi kutajiwa marehemu wake. Wanaoogopa ni sisi.

Iyunga nilimkuta baba mlangoni.

"Amekubali?"

"Anasema uende ukamnyoe."

 Baba akakaa chini palepale kizingitini, akalia kwa sauti, mpaka majirani wakatoka kuuliza nani amefariki.

"Galus," nikawaambia. "Mdogo wake."